Nyuso Tatu na Mwezi Uliolala

Minza,

Salamu tutapeana kesho stendi mbele za watu, na najua zitakuwa fupi, kwa hiyo hapa nazipita. Nazipita pia habari za sweta, dawa za tumbo, chapati za njiani na wapi pa kuficha simu ukisinzia ndani ya basi. Vyote vimo kwenye begi la bluu, na wewe si wa kufundishwa kusafiri. Ninaandika kwa sababu baba yako mdogo Sayi amesema kule Katavi walikohamia na ng'ombe mtandao unashika juu ya kichuguu kimoja tu, na wanaokipanda ni wenye shida. Sitaki siku moja nisikie sauti yako kisha nikumbuke kwamba umepanda kichuguu.

Jua limezama sasa hivi na wewe bado uko kwa akina Holo unaaga. Luhende ameniwashia taa, akaniwekea kiti, akasema, "Kabula, kama kwa mdomo mmeshindwana, jaribu kwa karatasi." Kisha akatoka ili nisimwangalie. Ananijua. Akiwa ndani ya chumba namwangalia yeye.

Nianze hapo hapo, kwenye jambo ambalo unalijua na hujawahi kuniambia. Nina furaha, mwanangu. Unaondoka kesho, moyo wangu umepasuka, na bado nikisikia baiskeli yake inaegeshwa ukutani natabasamu kabla sijajizuia. Mwanamke wa umri wangu, niliyekwisha kuzika mume, nashika shati la mtu likiwa limekauka kwenye kamba na kulinusa kama msichana. Sikujua kwamba mambo haya yalikuwa yamebaki duniani. Nilidhani yaligawiwa tukiwa sekondari, na mimi siku ile nilikuwa shambani kwenye pamba.

Baba yako alikuwa mtu mwema na sitamsema vibaya, wala hakuna la kumsema. Alinioa kwa ng'ombe, nikakaa Zagayu kwa wazazi wake, nikaitwa mke wa fulani, kisha Mama Minza, na jina langu likaenda zake. Alipofariki ukiwa darasa la tano nikaja nawe Bariadi, nikaanza kuwapikia mafundi pale walipokuwa wanajenga. Luhende ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza, "Wewe mwenyewe unaitwa nani?" Nilisimama na upawa mkononi nikalitafuta jina langu kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko.

Unajua kazi yake, lakini hukujua jinsi kazi hiyo ilivyonipata. Mafundi wakimwaga zege, yeye hulichota kidogo, analijaza kwenye kalibu ya chuma, analishindilia kwa nondo polepole, tabaka juu ya tabaka, anasawazisha juu kwa mwiko. Kesho yake anaifungua kalibu na mchemraba unatoka, pembe zote sawa, baridi, kama umezaliwa. Mafundi wanauita kyubu. Anaandika alama juu yake, anaulaza ndani ya maji, na siku ishirini na nane zikitimia anaupeleka kwenye mashine ukabanwe mpaka uvunjike, ijulikane nguzo zitabeba au hazitabeba. Nilimuuliza huwa anakumbukaje siku zote hizo. Akanionyesha juu. "Naangalia mwezi siku ninayomwaga. Ukikaribia umbo lile lile tena, najua kyubu zangu zimekomaa. Daftari lipo, lakini mwezi unanikumbusha kabla ya daftari."

Minza, mwanamume anayeangalia mwezi kwa ajili ya zege. Ningefanya nini mimi?

Siku moja akaniletea mchemraba uliokwisha kuvunjwa. Alisema ukivunjika vizuri haupasuki upande mmoja. Pande zake nne zinamomonyoka sawasawa, na kinachobaki ni piramidi mbili, moja imesimama, nyingine imepinduliwa juu yake, zinagusana vichwa. Aliuweka mezani kwangu katikati ya sahani za ugali. Mafundi wakamshambulia.

"Luhende, wenzako hupeleka kanga. Wewe unampelekea mama wa watu kifusi?"

"Mwacheni, ana akili. Kanga inachakaa."

Yeye akasema tu, "Tazama pale zinapogusana." Nikatazama. Zilikuwa kama watu wawili wanaoegemeana paji la uso kwa paji la uso. Ukiushika vibaya zinaachana. Sikuushika. Niliuacha hapo mpaka jioni, wateja wakala pembeni yake.

Mafiga yetu ya nyuma, yale matatu meusi, unajua ni kyubu zake zilizokataliwa. Unapikia juu yake kila siku. Sikukwambia kwamba aliniposa akiwa amechuchumaa anazipanga.

Nimeandika ukurasa mzima na bado sijafika kwako. Hilo ndilo kosa lenyewe, linavyofanya kazi, unaliona. Nikianza habari zake nasahau nilikuwa nakwenda wapi.

Nataka nikukumbushe siku ya udongo. Ilikuwa alasiri, kabla ya harusi, mwezi nusu umeshatoka ukiwa mweupe kama ganda la yai, jua bado kali upande wa Dutwa. Mimi nilikuwa nimekufundisha tangu utoto kwamba mwezi hupungua kwa sababu kivuli cha dunia kinaufunika. Nilifundishwa hivyo, au nilisikia nusu, sikumbuki. Ukaniambia, "Mama, jua lile pale. Dunia iko hapa chini ya miguu yetu. Kivuli chake kitapita njia gani mpaka kifike kule?" Luhende akacheka mpaka akakaa chini.

Ukachukua udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, ukaufinyanga tufe. Ukaunyanyua kwa mkono ulionyooka, ukauweka pembeni mwa mwezi machoni pangu. "Haya, tazama." Na tufe lako la udongo likawa nusu jeupe kwa jua na nusu jeusi, limekatwa pale pale ulipokatwa mwezi. Miaka yote nimeishi chini ya kitu kile na hakuna aliyewahi kuniwekea kingine kando yake nilinganishe.

Luhende akakupa kyubu ndogo ya sampuli ya mota, saruji na mchanga bila kokoto, ile inayoenea kiganjani. "Na hii je?"

Ukainyanyua vile vile. Uso mmoja ulikuwa na jua, mwingine giza, na kati yao mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Ukaigeuza kidogo kidogo, na uso uliokuwa giza ukawaka wote kwa mara moja. "Kwenye mchemraba mwanga unafika ukingoni unakatika," ukasema. "Kwenye tufe unapinda taratibu. Mwezi ungekuwa mchemraba tusingeona hilali hata siku moja. Tungeona vibao."

"Na sasa unaona nyuso ngapi za hiyo kyubu?" akakuuliza.

"Tatu. Huwezi kuona zaidi ya tatu kwa pamoja, hata uishike vipi."

"Hizo nyingine tatu umezipoteza?"

"Zipo. Nazijua kwa hesabu."

Alivyokutazama, Minza. Kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na anaogopa mwenyewe atatokea. Wiki ile akakutengenezea yako, saruji na mchanga uliochekechwa mara mbili, na kabla haijakauka akakupa msumari uandike jina lako kwenye uso mmoja. Uliandika kwa herufi ndogo zilizolala. Nikasema moyoni, nimemaliza. Nina mume na nina binti na wanapendana. Kumbe nilikuwa nimeona nyuso tatu.

Sasa naandika lile ambalo nimelizunguka.

Harusi ilikuwa ifanyike Desemba. Tulikubaliana sote watatu, ukiwa umekaa pale kwenye ndoo, kwamba iwe Desemba, baada ya mtihani wako wa kidato cha nne. Matangazo kanisani yalikuwa yamekwisha kusomwa, hakuna kilichotukimbiza. Kisha jioni moja ya Novemba bibi yako, mama yangu, alikuwa amekuja kutusalimia, tukatoka nje, na mwezi mwandamo ulikuwa umelala chali, pembe zote mbili juu, kama bakuli. Mama akapiga kigelegele kidogo cha chini chini. "Umeshika maji," akasema. "Kwa mkulima ni mbaya, mvua haishuki. Kwa bibi harusi hakuna mwezi mzuri kama huo. Anayeolewa mwezi umelala hivi, kheri yake haimwagiki."

Nilikuwa nimeolewa mara ya kwanza bila kutazama juu, na nilikuwa nimezika. Elimu yangu yote ya sekondari ikanitoka pale pale. Nikamkimbilia Luhende nikamwambia iwe wiki hii. Akauliza, "Na Minza?" Nikajibu, "Minza ana akili, mtihani hauhitaji kimya." Hayo ni maneno yangu. Ningependa yawe ya mtu mwingine.

Wageni walianza kufika Ijumaa. Shangazi zangu walilala kitandani kwako. Ulichota maji, ukasugua masufuria, ukapokea watu kwa salamu ya mwadila, ukachekeshwa, ukachezeshwa ngoma. Jumapili usiku walikuwa bado wanaimba, na mimi nilikuwa nimekaa katikati nikiwa nimevikwa maua, naona kila taa ina duara la dhahabu. Nilikuona umesimama mlangoni na kitabu cha hisabati. Nilikupungia mkono. Ukanipungia. Nikaona umetabasamu nikaridhika, kwa sababu nilitaka kuridhika. Asubuhi ulikwenda kwenye mtihani wa hisabati bila kulala, na hilo lilikuwa somo lako, lile ambalo mwalimu alisema angekula kofia yake usipofaulu.

Matokeo yalipotoka hukulia. Ulinionyesha simu, ukanisubiri nisome, ukaichukua. Kisha ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya, "Mama, hapa kwetu mwezi mwandamo hulala hivyo kila Novemba na kila Desemba. Ni jinsi njia yake inavyosimama angani miezi hiyo. Ule wa Desemba ulilala vizuri zaidi. Sijui kama uliutazama."

Sikuutazama. Desemba nilikuwa nimeolewa.

Nimelirudia jambo hilo mara nyingi nikitafuta mahali ambapo ningeweza kuingia na kulirekebisha, na halina mlango. Ningesubiri mwezi mmoja ningepata bakuli lile lile, mume yule yule, na wewe mwaka huu ungeingia kidato cha tano mahali fulani ukalalamika kuhusu maharage. Luhende alitaka ulipiwe urudie mtihani. Ulimshukuru, "Wabeja, baba. Nunueni kitanda kipana, hicho kinalia." Yeye alicheka kwa sababu alidhani ni utani. Mimi niliona aibu mpaka masikioni, na bado usiku ule sikukufuata chumbani kwako. Nilikuwa na pa kulala.

Ndipo akaja Sayi. Nimemlaumu kwa majirani na sikutenda haki. Alikuja na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akakaa mlangoni kwa heshima, akampongeza Luhende. Alikuwa ameniomba mara moja tu, baba yako alipofariki, kwamba anirithi, nyumba ya kaka isiachwe wazi, na nilipokataa hakuonyesha hasira. Aliniachia nikulee kwa sharti moja nililolijua na nililolikubali, kwamba nitabaki mke wa ukoo. Nimeolewa kwingine. Kwa hiyo aliposema sikushangaa.

"Shemeji, sikuja kugombana. Umepata mwenzako, ni jambo jema. Ila unajua mtoto anafuata ng'ombe wa mahari."

"Mtoto anafuata shule," nikasema.

"Shule imebaki?"

Hakusema kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama chai imebaki. Na mimi, mama yako, niliyekuwa na jibu, niliangalia mafiga.

"Tena msichana mrefu hivi," akasema, "kukaa tu mjini si vizuri. Kule kuna watu wa heshima, wana mifugo."

Unajua maana ya maneno hayo na mimi naijua. Ndiyo maana kesho yake nilikwenda ofisi ya kata. Yule dada mezani alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akauliza umri wako. Nikautaja. Akafunga kalamu. "Huyo ni mtu mzima, mama. Analazimishwa?" Nikasema sijui. "Muulize."

Nilikuuliza ukiwa unaanua nguo. Ulisema, "Silazimishwi. Nitakwenda." Nikakuambia habari za hao watu wenye mifugo. Ulikunja shati la Luhende, ukalipangusa, ukaliweka juu ya mengine. "Mama, wewe umefika kwako. Hapa mimi ni mgeni anayechota maji. Kule angalau kuna mtu anayefanana na baba."

Nilikuwa nimeliona hilo na nilikataa kuliona. Sayi akikuelekea uso kwa uso ni mtu mwingine kabisa. Lakini alipokaa pale mlangoni ubavu, mwanga umempiga shavu moja, alikuwa baba yako, mpaka kile kinundu cha puani. Na wewe ulikuwa umekaa upande ule ule alasiri nzima, hukubadilisha mahali, hata jua lilipokufuata.

Sina ushauri unaoweza kufika Katavi. Nikisema usikubali kuolewa upesi, utaniuliza nani alikuwa na haraka. Nikisema soma, unajua nani alikuchukulia kitanda. Nikisema mpende mtu kwa moyo wote, utanitazama tu. Ninayo machache niliyojifunza, na niliyajifunza kwa mali yako, kwa hiyo ni haki yako kuwa nayo. Furaha inapofusha kuliko kilio. Nilipokuwa namlilia baba yako nilikuona vizuri, nilijua umekula nini na umelala saa ngapi. Nilipofurahi ndipo ulipopotea ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Siku ukifurahi, na naiomba siku hiyo ingawa sioni itakujia kwa njia gani, jaribu kumtafuta mtu aliyesimama mlangoni na kitabu. Mfuate. Usimpungie mkono.

Na hili nalo, ingawa litakuuma. Ukiniambia leo nimwache Luhende ili ubaki, sitaweza. Nimejiuliza kwa ukweli, nimejibana kama kyubu kwenye mashine, na nimevunjika hivyo. Ningekudanganya hapa ungejua. Nakupenda kuliko yeye, naye siwezi kumwacha, na hayo mawili yanakaa ndani yangu yakigusana vichwa. Sijui yataachana lini.

Sitegemei utarudi. Umbali ni mkubwa, na wanaokwenda kule na ng'ombe huwa wanarudi kwenye misiba tu. Nimewahi kumwambia Luhende kwamba labda utarudi kwa ajili ya mtihani, akaitikia ndiyo haraka mno.

Nimetoka nje kidogo kuutazama mwezi, nimerudi. Ni mwandamo, na huu ni Machi. Umeinama upande mmoja, pembe moja juu, moja chini. Bibi yako angesema unamwaga. Wewe ungesema ni njia yake tu miezi hii, na ungekuwa sahihi. Mtu anaweza kuwa sahihi na mwezi ukawa unamwaga vile vile.

Nikiingia nimepita chumbani kwako kukagua kamba ya begi. Nilidhani nitaikuta kyubu yako ndani, nimekuachia nafasi kati ya sweta na viatu. Nafasi bado ipo. Kyubu umeiweka dirishani, umeisukuma mpaka ukutani kwenye kona, na ule uso wenye jina lako umeuelekeza ukutani.

Nimesimama pale na taa. Juu, mbele na ubavu, zote laini, hazina kitu. Nimenyoosha mkono, nikaurudisha. Sitaigeuza, wala kesho, wala utakapokuwa umekwenda. Nitafagia kuizunguka. Jina lipo upande ule, kwa herufi zako ndogo zilizolala, na mimi nitakuwa nalijua kwa hesabu.

Mama yako,
Kabula